Kabla Baba Hajaandika

Kwa watu wa Itigi, mimi ni yule binti wa mrina asali anayetengeneza simu. Nimejaribu mara nyingi kueleza kwamba sitengenezi simu, naandika programu zinazokaa ndani ya simu, lakini nimechoka kubishana. Mama yangu huwaambia wageni kwamba nafanya kazi ya vitufe, na ukitazama vizuri, hajakosea. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni hiyo hiyo: naweka kisanduku ambamo mtu ataandika maneno yake, chini yake naweka kitufe, halafu naiambia simu ifanye nini mtu akikibonyeza. Kazi hii nilijifunza katika chumba cha kupanga mjini Singida, kwa kompyuta ya mtumba na video nilizokuwa nikipakua alfajiri, saa ambazo mtandao hauna watu. Sikuwa na mwalimu wa kunipiga vidole nilipokosea, na siku hizo nilijisifu kwa hilo.

Baba alikuwa na mizinga zaidi ya thelathini. Si ile ya kisasa ya masanduku yanayopangwa kwenye mstari mmoja kama madawati. Ilikuwa ya magogo, aliichonga mwenyewe, akaitundika juu ya miti ndani ya vichaka vya Itigi, mingine karibu, mingine mwendo wa siku nzima kwa miguu. Vichaka vile si vya kutembea umenyoosha mgongo. Matawi yamesukana kuanzia chini, kila upande unafanana na mwenzake, hakuna kilima wala jiwe kubwa la kukuambia uko wapi. Mgeni anaweza kupita chini ya mzinga akakwaruzwa na mti uliobeba mzinga huo huo na asiuone.

Kwetu mwenye mizinga haelezi ilipo. Anamchukua mtu mmoja, mtoto wake wa kiume au mdogo wake, anamtembeza msimu mzima, mti kwa mti, mpaka huyo mtu aweze kwenda peke yake. Baba alizaa mabinti watatu, na mabinti hawatembezwi. Mdogo wake wa tumbo moja, ambaye sisi tunamwita baba mdogo, ujana wake wote aliumaliza kwenye kazi za reli, akarudi nyumbani magoti yameshachoka. Huyo alitembezwa mizinga michache ya karibu tu. Iliyobaki ilikuwa kichwani mwa baba, na kichwa hicho kilikuwa juu ya kifua kilichoanza kukohoa.

Nilikwenda nyumbani mwezi ule wa kiangazi nikamkuta amekaa nje, anahema kama mtu aliyetoka kupandisha mlima, kumbe ametoka chooni tu. Tukaongea. Yeye si mtu wa kulalamika, lakini siku ile aliniambia wazi kwamba anaogopa. Hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba atakufa na mizinga itabaki kule juu, nyuki watajaa, asali itakauka, na hakuna mtu wa nyumba yake atakayejua hata mti mmoja. Mzinga usiotembelewa na mwenyewe, baada ya misimu michache, kwetu unahesabiwa kuwa wa porini, na yeyote anayepita anaweza kuupanda. Alisema miaka arobaini ya kazi yake itageuka kuwa bahati ya wapita njia.

Mimi nikacheka. Nilicheka kwa upendo, lakini nilicheka. Nikamwambia asihangaike, nitamtengenezea kitu kwenye simu. Atatembea polepole kwa wakati wake, akifika kwenye kila mti ataandika mahali ulipo, atabonyeza, basi, maneno yatakaa humo hata miaka mia. Baba akauliza kama simu inaweza kuficha siri, nikamwambia hakuna mtu anayeficha siri kuizidi simu.

Utaniuliza kwa nini sikuifanya simu ijue yenyewe ilipo. Simu niliyokuwa nayo ya kumpa ilikuwa yangu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, na kila ilipoulizwa mahali ilipo ilijibu iko mji mwingine kabisa. Tena baba mwenyewe alitaka maneno. Aliniambia mti haujulikani kwa namba. Unajulikana kwa kuinama kwake, kwa mti jirani, kwa njia ya tembo ya zamani inayopita karibu. Hayo yote alitaka kuyaandika.

Basi nikarudi Singida, nikaitengeneza kwa wiki mbili. Ilikuwa na ukurasa mmoja, kisanduku kimoja cha kuandikia, na kitufe kimoja kikubwa cha kijani kilichoandikwa Hifadhi. Mtu akibonyeza, mambo matatu yalitakiwa kutokea. Maneno yachukuliwe kutoka kwenye kisanduku na kuwekwa kwenye ghala ndani ya simu, pamoja na tarehe na saa. Kisha maandishi madogo yatokee chini yakisema Imehifadhiwa. Kisha kisanduku kijifute, kiwe tayari kwa mti unaofuata. Ndani ya kisanduku niliweka maneno ya mfano, ili baba aone jinsi ya kuandika: Mti mkubwa kando ya korongo. Siku hizo sikujua kwamba kuna namna ya kuweka maneno hafifu ambayo yanajificha mtu akianza kuandika. Mimi niliyaweka maneno yenyewe, yakakaa pale kama yameandikwa na mtu.

Nilipoijaribu nilibonyeza kitufe tu. Sikuandika chochote, kwa nini niandike wakati maneno yapo? Nikafungua ghala nikaona imeandikwa Mti mkubwa kando ya korongo, na saa. Nikaifunga programu, nikaifungua, nikabonyeza tena, ikaingia tena. Nikayafuta majaribio hayo, nikafurahi mpaka nikatoka kwenda kula chipsi mayai, nikampigia rafiki yangu kujisifu.

Sasa niseme kosa lenyewe lilipokuwa, kwa lugha ambayo hata mama aliielewa. Programu ya namna hii ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inafanya kazi mara moja tu, ukurasa unapofunguka. Ni kama mtu anayefungua duka asubuhi, anapanga vitu, anakaa. Sehemu ya pili inasubiri. Haifanyi lolote mpaka kidole kiguse kitufe. Mstari unaosema soma kilichoandikwa kwenye kisanduku unatakiwa kukaa kwenye sehemu ya pili, ili usome baada ya mtu kuandika. Mimi niliuweka kwenye ya kwanza. Kwa hiyo simu ilisoma kisanduku wakati ukurasa unafunguka, ikakariri ilichokikuta, na kila kitufe kilipobonyezwa ikahifadhi kile kile ilichokariri. Maneno ya mfano yalikuwepo tangu mwanzo, ndiyo maana yaliingia. Kosa lilijificha nyuma ya maneno yangu mwenyewe.

Nilimpelekea baba simu mwanzoni mwa msimu. Mama alikuwa ametandika mkeka, majirani wawili walikuja kuona. Baba alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaishika simu kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti yale maneno ya mfano. Nikamwambia ayafute aandike ya kwake. Akanirudishia simu.

"Haya ni maneno yako," alisema. "Umeyaweka wewe. Mimi nitayafutaje?"

Nikamweleza kwamba ni mfano tu, hayana maana. Hakukubali. Unapaswa kuelewa kwamba kila mzinga wa kwetu una alama ya mwenyewe iliyochongwa kwenye gogo, na mtu mwenye heshima zake hakwangui alama ya mwenzake hata kama mzinga umeanguka chini na kuoza. Kwa baba, kilichoandikwa kina mwenyewe. Aliona kufuta sentensi ya binti yake ili aandike yake ni utovu wa adabu, na tena mbele za watu. Alisema nimwekee mahali pasipo na kitu, naye ataweka vya kwake.

Nilikuwa na haraka. Basi la kurudi lilikuwa asubuhi ile ile, kompyuta ilikuwa inaelekea kuzima, na majirani walikuwa wanatazama. Nikaunganisha waya, nikayafuta yale maneno kwenye programu, kisanduku kikawa kitupu, nikairudisha simu kwake. Baba akaanza kuandika. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada, anaitazama, anaigusa, anakagua kama imetokea. Hakuweza kuanza bila salamu. Kwenye barua zake zote za maisha hajawahi kuanza bila salamu. Akaandika, Mwanangu, hujambo, hapa ni mti wa kwanza ule wa karibu na kisima cha zamani. Nilimtania kwamba mti hausalimiwi. Akasema hausalimii mti, anamsalimia atakayesoma.

Akabonyeza. Maandishi ya Imehifadhiwa yakatokea, kisanduku kikajifuta, na maneno yake yote yakaondoka machoni petu mara moja. Watu wakapiga makofi. Baba alifurahi sana kwa lile la kujifuta. Aliona kwa macho yake maneno yakiingia ndani. Mimi pia nilipiga makofi, nikabeba mkoba, nikakimbilia basi, sikufungua ghala kuangalia.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu kuliko jambo lingine lolote maishani mwangu. Katika programu nzima niliyompa baba, kitu pekee kilichofanya kazi sawasawa ni ule mstari wa kufuta.

Miezi iliyofuata alikuwa ananipigia. Nyumbani kwetu mtandao ni wa kubahatisha, inabidi usogee mpaka karibu na reli, kwa hiyo alinipigia akiwa amesimama pale, wakati mwingine treni ya mizigo ikipita na kutunyamazisha wote wawili. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa hesabu ya siku. Leo nimeandika miwili. Leo nimeandika mmoja, mguu umekataa. Leo nimeandika minne, nimelala porini kwa jamaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kazi. Mama aliniambia kwamba amepungua mwili lakini anaimba akirudi, na kwamba simu anaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye mkoba wa ngozi anaobebea kisu chake cha kurinia.

Siku moja aliniuliza swali. Nakumbuka nilikuwa nimeketi mezani na kazi ya mfanyabiashara mmoja wa mbegu wa Mtinko, aliyetaka programu yake iwe tayari kabla ya mvua, na nilikuwa nimeshakasirika kwa sababu yake. Baba akasema, "Nikitaka kuyaona niliyoandika, nafanyaje?"

Nikamwambia hawezi kuyaona kwa sasa. Sikuwa nimetengeneza ukurasa wa kusomea. Nikamwambia asubiri nije Pasaka, nitauweka, ni kazi ya saa moja.

Akauliza kama nina hakika yapo. Nikasema, baba, si unaona inaandika Imehifadhiwa? Akasema anaona. Nikasema basi. Naisikia sauti yangu mpaka leo, ile ya mtu anayemjibu mzazi huku macho yako kwenye kitu kingine. Ningekuwa na adabu ya dakika tano, ningeijaribu nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yangu kwa kuandika hata neno moja, ningejua siku ile ile, na angekuwa bado na nguvu za kutembea.

Baba hakufika Pasaka. Mvua zilimkuta na kifua, akalala. Mama aliponipigia alisema ana homa kidogo, anaendelea vizuri, nisiache kazi. Ndivyo mama zetu walivyo, hawataki kumsumbua mtu aliye mbali. Nikapanga kwenda Jumamosi. Alhamisi saa nne asubuhi akapiga baba mdogo, na aliponiita kwa jina langu kamili nilijua kabla hajasema.

Sitaeleza mazishi. Nililia mpaka shangazi zangu wakaogopa.

Siku matanga yalipovunjwa, wazee wa ukoo walikaa uani kuzungumzia vilivyobaki. Msimu wa kurina ulikuwa unakaribia, na mtu akauliza habari za mizinga. Baba mdogo akasema hilo halina tabu, kaka aliandika yote, mtoto yupo hapa na mashine yake. Wote wakanigeukia. Mama akaingia ndani akaleta simu, ikiwa bado kwenye kile kitambaa. Nikaiunganisha na kompyuta, nikafungua ghala.

Kulikuwa na mistari arobaini na mmoja. Kila mstari ulikuwa na namba yake, tarehe yake, saa yake. Mahali pa maneno palikuwa peupe. Nilishuka mpaka chini, nikapanda mpaka juu. Nikadhani kompyuta ndiyo yenye shida, nikaifunga, nikaifungua. Arobaini na mmoja, na hakuna hata herufi moja.

Baba mdogo akauliza yako wapi. Nikasema hayapo. Akauliza hayapo vipi, na mimi nilikuwa sijajua bado kwa nini, kwa hiyo nikasema, sijui, hayakuingia. Kisha yeye, kwa upole kabisa, kwa nia ya kuniondolea aibu, akasema kaka alikuwa mtu mzima, vitu hivi vya vidole hakuviweza, alikuwa anabonyeza tu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema hata yeye simu inamshinda. Wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani, wakahamia mambo ya shamba.

Nilikwenda nyuma ya nyumba na kompyuta. Haikuchukua hata dakika kumi. Niliuona mstari ule umekaa juu, sehemu ya kwanza, mahali usipotakiwa, umetulia kabisa. Nikaukata, nikaubandika chini, ndani ya sehemu ya kitufe. Nikaiweka programu kwenye simu ya baba, nikaandika neno moja, nikabonyeza, nikafungua ghala, neno likawepo, nikalifuta. Kusogeza mstari mmoja chini kwa nafasi tatu ndiyo kazi yote iliyokuwa inahitajika. Nilichukia mikono yangu.

Na sikurudi uani kusema. Hili ndilo linaloniuma zaidi ya kosa. Kosa lilikuwa la ujinga, na ujinga mtu anasamehewa. Lakini nilikuwa najua sasa, na nikakaa kimya, nikawaacha watu wa ukoo wake waamini kwamba mzee alitembea msimu mzima porini na simu asiyoijua, akibonyeza hovyo. Kila aliyekuja kutoa pole alisikia hadithi hiyo. Wajukuu wa shangazi waliigiza jinsi babu alivyokuwa akibonyeza. Nilisikia, nikaendelea kuosha vyombo.

Wanaume waliingia porini mara tatu kutafuta. Walirudi mashati yamechanika, wamepata mizinga sita, miwili kati ya hiyo yenye alama ya mtu mwingine. Baba mdogo alirudi mara ya tatu akiwa amebebwa kwenye pikipiki kwa sababu ya magoti. Hawakwenda tena.

Mimi nilibaki nyumbani wiki nzima zaidi. Sikuwa na la kufanya, nikawa nafungua ile orodha tupu na kusoma tarehe. Nilijaribu kumfuata baba kwa saa zake. Siku hii mitatu, hapa ni upande wa mashariki labda. Siku hii mmoja tu, saa saba mchana, jua kali. Siku hii hakuna. Nilijua maneno hayawezi kurudi, yalifutwa kabla hayajakaa popote, lakini niliendelea kusoma.

Ndipo nilipogundua kwamba mistari saba ya mwisho haijakaa sawa. Ilikuwa ya wiki ile ya homa. Nikahesabu siku kwa vidole, nikarudia. Wiki ile baba hakuinuka kitandani. Hakukuwa na mti wowote pale.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa anachambua mlenda, amekaa kwenye kigoda. Nikamuuliza kama baba alikuwa akiishika simu alipokuwa amelala. Mama hujibu maswali mazito kwa Kinyaturu, hata nikiuliza kwa Kiswahili. Alisema ndiyo, alikuwa anaishika kila siku asubuhi, kabla homa haijapanda. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamwegemeza kwenye mto.

"Alikuwa anakuandikia wewe," mama alisema. "Alisema ya miti yamekwisha, sasa anaandika ya kwako." Akaendelea na majani yake kidogo. "Nilidhani umeyasoma. Nilidhani ni mambo yenu, ndiyo maana hunielezi."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Siku saba mtu anahema kwa shida, anatafuta herufi moja moja, anaanza na salamu kwa sababu hajui kuanza vingine, anabonyeza, anaona maneno yanaondoka, anafurahi kwamba yameingia. Sijui alinionya kitu, alinisamehe kitu, aliniomba kitu. Sijui kama aliniambia nimtunze mama. Nilichoweza kufanya ni kumwambia mama ukweli, na nilimwambia wote, kuanzia maneno ya mfano mpaka mstari uliokaa juu. Nilimwambia simu ilikuwa inasoma kisanduku kabla baba hajaandika. Nilimwambia nilijua tangu siku ya wazee, na nikanyamaza.

Mama aliacha mlenda. Hakunikaripia. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa upindo wa kanga, na alipopata pumzi aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo aliiweza simu?"

"Aliiweza, mama. Alibonyeza sawasawa kila mara."

"Basi nenda ukamwambie baba yako mdogo hivyo hivyo."

Nilikwenda. Nilimkuta amekaa kwenye gogo mbele ya nyumba yake, magoti yamefungwa vitambaa, anasokota kamba ya kupandishia mizinga ingawa hakuna aliyekuwa na mpango wa kupanda. Nilimwamkia upya, wakati tulikuwa tumeamkiana asubuhi, kwa sababu sikujua nianzie wapi. Kisha nikaeleza. Nilisema kaka yake hakukosea hata mara moja, mimi ndiye niliyekosea, na ninaomba awaambie wazee, au aniite mbele yao niwaambie mwenyewe.

Hakunitazama. Nilisubiri anifokee, nilitaka anifokee.

"Alikuja hapa mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza kabla ya mvua. Mara ya pili alikuwa tayari anatembelea fimbo. Akasema, twende nikutembeze mizinga, tutakwenda polepole, magoti yako na kifua changu." Akavuta uzi wa kamba. "Nikamwambia, ya nini ujitese, kaka. Si mtoto ameshakuwekea kwenye simu?"

Nikamuuliza baba alijibu nini.

"Alisema, kweli, mtoto ameshaweka. Akageuka, akarudi nyumbani."